Nyasi Zilipofika Mlangoni

Mbegu za nyasi zina harufu ya gunia la mahindi lililosahauliwa kwenye chumba chenye unyevu. Si harufu mbaya. Ni ya vumbi na ya ukavu, na nyuma yake kuna uchungu kidogo. Niliinusa tena majuzi huko Louisville, siku tulipokwenda kumaliza matanga ya bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko. Watu walikuwa bado wanakula nyumbani kwa shangazi yangu. Mimi na Baba tuliondoka mapema, tukapita makaburini kumuaga kabla ya safari ya kurudi. Tulimkuta mfanyakazi akitembea juu ya kaburi na ndoo mkononi, akirusha mbegu kama mtu anayelisha kuku. Alipotuona alivua kofia, akatueleza kwa upole kwamba ikifika katikati ya kiangazi hatutauona udongo tena.

Baba alichota mbegu chache kwenye ndoo, akazisugua kiganjani kwa kidole gumba, akazinusa.

"Hii ni ya udongo muzito," aliniambia. "Uku hakuna muchanga. Itashika."

Mtu asiyenijua angedhani nilikuwa nimeinama kwa sababu ya huzuni. Kusema kweli nilikuwa nahesabu hatua. Kutoka ukingo wa kaburi hadi niliposimama zilikuwa nne, na nilizihesabu kwa nyayo za mtoto wa miaka minane, si kwa nyayo zangu za sasa.

Wa rika langu mliokulia huku Marekani mtanielewa. Tulikuwa wakalimani wa wazazi wetu kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Tulisoma barua zilizoandikiwa watu wazima, na wengi wetu tumebaki na tabia ya kuona hatari ndani ya kila bahasha. Nimemaliza chuo, nina chumba changu Columbus karibu na barabara ya Morse, na bado nikituma barua pepe ya mistari mitatu ninaisoma mara kumi, kisha nashinda nikijiuliza kama salamu ya mwanzo haikuwa na dharau. Mama husema mimi nina kichwa kisichokaa chini. Sijawahi kumwambia kilisimama lini.

Kilisimama Buffalo. Tulipofika Marekani tuliishi kwanza East Side, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ambayo ngazi zake zililia kila tulipopanda. Koko hakuipenda. Alisema mtu hawezi kuzeeka hewani. Basi Baba alipopata nyumba ndogo ya kupanga kusini zaidi, upande wa ziwa, alimpeleka yeye kwanza kuiona, nami nikaenda nao. Huko ardhi ni mchanga. Ukichimba kwa kijiko unakuta mchanga, ukichimba kwa koleo unakuta mchanga ule ule, mweupe, mwepesi, unaokunywa maji kabla hujageuka. Upepo wa Ziwa Erie ulikuwa unavuma moja kwa moja usoni. Koko alishuka kwenye gari, akavua viatu, akakanyaga. Alikuwa amezaliwa kando ya ziwa jingine, Tanganyika, karibu na Baraka, na ndiko alikozaa watoto wake wote.

"Hii ninaijua," alisema.

Tulihamia wiki ile ile, naye akakata matete ufukweni, akayakausha juu ya paa la banda la gari, akafunga ufagio kwa kamba za mfuko wa vitunguu. Kila jioni, kabla jua halijazama, alifagia uwanja mzima wa mbele, akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mlangoni ili asiache alama yake mwenyewe. Mchanga ulibaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Nilidhani ni usafi tu. Asubuhi moja aliniita.

"Muke mwenzangu, kuya uone." Hivyo ndivyo alivyoniita, kama nyanya wa kwetu wanavyotania wajukuu wao wa kike, kwamba tunagombania bwana mmoja, yaani babu. "Soma apa."

"Nisome nini?"

"Uyu ni paka ya jirani. Ametoka pale, amesimama, ameona kitu, amekimbia. Uyu ni mama yako akienda kazini, anaogopa kuchelewa, kisigino haishike chini. Na uyu?"

Niliziangalia nyayo ndogo zilizokuwa zikienda kwenye sanduku la barua na kurudi. "Ni mimi."

"Ni weye. Mguu yako ya kushoto inaangalia ndani. Ya babu yako ilikuwa vile vile. Ata ungeenda wapi, mie ningekujua."

Kwao, miaka ya vita, walifagia hivyo kila jioni ili asubuhi wajue nani alipita karibu na nyumba wakiwa wamelala, na kama alikuwa amevaa buti. Nilikuja kuelewa hilo nikiwa mkubwa. Wakati ule niliona ni mchezo wetu wawili, na niliupenda kuliko katuni.

Uwanja ule ulikuwa na vishungi vya nyasi zilizobaki za wapangaji wa zamani, njano, nusu zimekufa. Koko alivimaliza kimoja kimoja. Kufikia katikati ya kiangazi palikuwa peupe pe! Waumini wenzetu walipokuja kusali nyumbani walisimama barabarani wakasifu, wakasema hapa kweli panakaa watu. Koko alijifanya hasikii, akaingia ndani kuongeza sukari kwenye chai.

Kisha akaja mwenye nyumba. Alikuwa mzungu mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, na hakuwa mtu mbaya. Ninalisema hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilimhitaji awe mbaya. Aliutazama uwanja kama mtu aliyekuta gari lake limeng'olewa magurudumu. Baba alikuwa bado anajifunza Kiingereza, kwa hiyo nilisimama katikati yao. Mwenye nyumba alisema mchanga unapeperuka hadi barabarani na kuziba mtaro, kwamba jiji limemwandikia barua, kwamba alitupa nyumba yenye nyasi na sasa anakuta jangwa. Uwanja ufunikwe kabla ya theluji. Ikishindikana, mkataba ukiisha atatafuta wapangaji wengine.

"Anasema nini?" Baba aliuliza.

"Anasema tuoteshe majani ao tutoke."

Majani ndilo neno letu nyumbani kwa nyasi. Koko, aliyekuwa ameketi kizingitini, alicheka.

"Majani mbele ya nyumba ya watu? Nani analala mu majani? Mbuzi."

"Mama, Wazungu ndio wanapenda hivyo," Baba alisema. "Kwao hii ndio heshima."

"Donc, basi, tutakuwa mbuzi wenye heshima."

Baba alicheka pia. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka wakicheka pamoja kuhusu jambo lile.

Ng'ambo ya uzio alikaa mzee mstaafu wa kiwanda cha chuma, ambaye jina lake halikukaa midomoni mwetu, hivyo tulimwita Mzee Jirani. Nyasi zake zilikuwa kijani kibichi kwenye mchanga ule ule, na hatukumwona akizihangaikia. Baba alimfuata, nami nikatafsiri. Mzee alisema kosa la watu wa huku pwani ya ziwa ni kutaka nyasi za kwenye picha. Nyasi hizo zinataka maji kila siku na mbolea kila mwezi, na mchanga hauwezi kushika hata kimoja kati ya hivyo. Chukua zile nyembamba zenye mizizi mirefu, zinazokwenda chini kujitafutia maji zenyewe, uchanganye na klova, ile ya majani matatu, ambayo inajilisha na kulisha jirani yake. Kwanza changanya mchanga na majani ya miti yaliyooza. Panda joto likianza kupungua. Hadi zichipue, nyunyizia kidogo kidogo mara kwa mara. Zikishashika, maji mengi lakini kwa nadra, ili mizizi ijifunze kushuka. Usizikate fupi, na ulizokata ziache hapo hapo. Baada ya hapo, mzee alisema, ziache zikusahau.

Baba aliandika yote kwenye daftari langu la hesabu. Alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha kufunga vyakula na kurudi asubuhi, lakini wiki mbili nzima alilala saa chache tu. Mikokoteni na mikokoteni ya majani yaliyooza, meusi, yenye harufu ya mvua ya zamani. Koko alimpikia ugali, akamwangalia kutoka dirishani. Aliahidi hatafagia upande ule. Ufagio wa matete ukawekwa kwenye chumba cha chini, na sote tukaanza kupitia mlango wa nyuma.

Siku mbegu zilipomwagwa nilimuuliza Koko kwa nini hataki majani. Alikuwa akichambua maharagwe, na alinijibu bila kuacha kuchambua.

"Babu yako alikataa kukimbia. Alisema atabaki kuchunga nyumba. Siye tukavuka maji. Tulikaa miezi mingi uko. Siku nilirudi, nikasimama ku barabara, nikaona majani imefika mulango. Imeingia mpaka mu salon, ndani ya nyumba. Nikajua mbele ya kuita jina yake."

"Ukajua nini?"

"Nikajua," alisema, akatupa punje mbovu.

Mtu mzima angeelewa. Mimi nilielewa hivi: nyasi zilitoka barabarani, zikatembea polepole, zikavuka uwanja, zikafika mlangoni, zikaingia ndani, zikamkuta babu. Sikuwahi kuambiwa alikufa kwa nini, na sasa nilikuwa nimeambiwa. Na nje, baba yangu alikuwa amezimwaga kwa mikono yake na kuzinywesha maji.

Tena Baba ndiye aliyelala karibu na mlango. Kwa sababu ya kazi ya usiku alilala mchana kwenye chumba cha mbele, kitanda chini ya dirisha, mdomo wazi, mkono ukining'inia, weupe kidogo wa vumbi la kiwandani kwenye nyusi. Nilikuwa nikisimama mlangoni kusikiliza kama anapumua. Wakati mwingine pumzi ilichelewa, nami nikahesabu.

Baada ya siku kumi hivi zilichipua. Sijasahau. Asubuhi mchanga mweusi ulikuwa na kitu kama ndevu za mvulana, kijani kisichoaminika, na kila ncha ilibeba tone. Baba alipiga magoti akacheka peke yake. Mimi nilipima. Kutoka kizingitini, kisigino kikigusa vidole, nikafika hatua kumi, nikaamua kwamba hapo ndipo mpaka. Nyuma ya mpaka zikae, mwenye nyumba aridhike. Ndani ya mpaka zisikae, Baba aishi. Niliona ni haki kwa pande zote. Hata leo nikijadiliana na nafsi yangu huwa nafika kwenye mapatano ya namna ile, yanayoonekana ya busara hadi mtu mwingine ayasikie.

Kila asubuhi ya shule Mama alikuwa ameshakwenda kwa wazee aliowahudumia, Baba ndiyo kwanza amelala, na Koko yuko jikoni. Nilitoka miguu mitupu, viatu mkononi, nikachuchumaa na kung'oa. Zilitoka kirahisi, kila moja na mzizi wake mweupe kama uzi. Nilizifukia chini ya ngazi. Basi la shule lilipopiga kona nilivaa viatu na kukimbia. Sikufikiria nyayo. Mtoto aliyefundishwa kusoma mchanga hakukumbuka kwamba naye anaandika.

Jioni ya siku ya tatu au ya nne Koko alinisuka nywele. Alishika mkono wangu nilipouinua kujikuna, akausogeza puani.

"Muke mwenzangu, kidole yako inanuka majani."

Alingoja. Nilisikia sufuria ikichemka na kitana kikisimama katikati ya nywele zangu. Najua sasa kwamba alinifungulia mlango, na ningesema sentensi moja tu. Sikusema. Akainuka, akaniongoza hadi kwenye sinki, akaniosha vidole kimoja kimoja kwa sabuni ya kufulia, na chini ya kucha akapitisha njiti ya kiberiti. Kisha akaendelea kusuka.

Kumbe kila nilipopanda basi, yeye alishuka kwenye chumba cha chini, akachukua ufagio, akafuta nyayo zangu kwa ncha tu, taratibu, kisha akaurudisha. Sikumwona hata mara moja. Nimelijua kwa kuunganisha yaliyofuata.

Yaliyofuata yalikuja siku ya Jumapili, baada ya ibada. Mbele yote ya uwanja ilikuwa imejaa, kijani kama zulia, isipokuwa nusu duara mbele ya mlango iliyokuwa tupu kama kipara. Baba alikuwa amerudia kuipanda mara mbili, akidhani ni ndege. Siku ile aliinama akaona mistari ya ufagio. Majani ya miti nje yalishaanza kugeuka rangi. Mwenye nyumba alikuwa amesema atapita.

Tulikuwa mezani. Baba aliingia na udongo magotini.

"Noella," aliniambia, "ni weye unachezaka pale ku mulango?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kwamba si mimi. Neno moja: "No." Kiingereza kilikuwa lugha niliyotumia nilipotaka jambo liishe. Koko hakuijua, lakini neno lile alilijua, kama kila mtu duniani. Sikumwangalia usoni. Niliona anatazama chini ya meza, kwenye miguu yangu, na nikauficha wa kushoto nyuma ya wa kulia.

"Ni mie," Koko alisema. "Mukono imezoea."

"Mama, uliniahidi."

"Niliahidi."

"Mama." Baba alikaa chini. Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali ipande. "Vita ilitufukuza mara mbili. Sasa ni weye utatufukuza?"

Hakuna aliyegusa chakula. Mama alisema jina la Baba, mara moja, kwa kumwonya. Koko alikunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua, akasema ikiwa ni hivyo ataenda kwa binti yake Louisville mpaka majani ishike. Mwezi moja tu. Alisema kama mtu anayependekeza matembezi. Baba hakusema aende, wala hakusema abaki.

Shangazi alikuja na gari wiki iliyofuata. Koko alivua ufunguo wa nyumba uliokuwa shingoni mwake kwa uzi, akauweka kwenye kiganja cha Baba, na Baba aliuchukua. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya nusu duara ile tupu. Aliponikumbatia alininong'oneza, "Muchunge bwana yetu," akicheka kidogo. Sijui alimaanisha babu kwa utani wetu wa kila siku, au alimaanisha Baba, kwa kuwa alijua nilichokuwa nikikichunga. Nimeifikiria sentensi ile miaka kumi na mitano. Kila nikiamua ni hivi, inageuka.

Sikung'oa tena. Siyo kwa wema, kwa woga. Kila kitu nilichokigusa kilionekana kuzidi kuharibika. Nyasi zikajaza kipara, zikafika kizingitini, klova ikaingia kwenye nyufa za ngazi, na theluji ya kwanza ikalala juu yake. Mwenye nyumba alipita, akaridhika, akampa Baba mkono. Nilingoja. Nilisikiliza pumzi mlangoni majira yote ya baridi. Baba hakufa. Ndipo akili yangu ikapata jibu lake, na akili ya namna hii haikosi jibu: nyasi zilikuwa zimekwisha kumtoa mtu ndani ya nyumba. Zilimchukua mwingine tu.

Mwezi mmoja ukawa msimu, kwa sababu shangazi alijifungua na akahitaji msaada. Msimu ukawa miaka, kwa sababu kifua cha Koko kilishindwa na baridi ya Buffalo. Sababu zote zilikuwa za kweli. Kwenye simu alikuwa akiniuliza, "Majani imefika mulango?" Nikisema ndiyo, alisema, "Bon," yaani vizuri, na tukabadilisha mazungumzo.

Alirudi mara moja, nilipomaliza shule ya sekondari. Asubuhi nilimkuta kizingitini amevua viatu. Baba alikuwa hazihangaikii tena zile nyasi. Zilijiendea zenyewe, ndefu, laini, na maua meupe ya klova yenye nyuki. Koko alikanyaga, akatembea hadi kwenye sanduku la barua, akarudi, kisha akageuka kuangalia alikopita. Nyasi zilikuwa zimeshainuka.

"Ni mazuri," alisema. "Lakini haioneshe mutu."

Nilikuwa na miaka kumi na minane na cheti cha heshima cha shule mkononi. Ningeweza kusema pale. Nikamuuliza kama anataka chai.

Basi siku ile ya Louisville tulitoka makaburini, tukashika barabara kuu. Baba alikuwa anishushe Columbus kisha aendelee hadi Buffalo. Mvua nyepesi ilianza. Tulikuwa tumeshauacha mji nyuma alipoanza kusema, akiwa ameangalia mbele.

"Unajua kitu inanisumbuaka? Ile neno nilimuambia Mama, ya vita. Sikuomba musamaha. Nilisema nitaomba akirudi, alafu aliporudi nikaona aibu, ni miaka imepita."

"Alikuwa amekusamehe, Papa."

"Hauwezi kujua." Vifuta kioo vilikwenda na kurudi. "Na kitu ingine. Nilikuta mistari ya ufagio tu. Hakuna mguu ata moja. Bon, nikasema ni yeye, nani mwingine anafagia? Lakini ile mistari ilikuwa ya ncha tu, haiwezi kung'oa majani. Ilikuwa ya kufuta tu." Nilimwona akifika, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani na kutafuta ya mwisho kwa mguu. "Mutu anafuta miguu yake mwenyewe sababu ya nini?"

Niliitazama miguu yangu.

"Ilikuwa miguu ya nani, Noella?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lile kwa namna zote. Nilikuwa na maelezo ya kurasa. "Yangu, Papa," nilisema.

Hakupiga breki, hakunitazama. Alitoka kwenye barabara kuu palipopatikana njia, akazunguka chini ya daraja, akarudi tulikotoka. Nilianza kueleza. Aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani.

"Usiniambie mie. Umuambie mwenyewe."

Tulipofika, mfanyakazi alikuwa amekwisha kuondoka. Kaburi lilikuwa limefunikwa nyasi kavu nyembamba kulinda mbegu, na pembeni yake udongo mwekundu ulikuwa umelowa na kulainika. Baba alibaki kwenye gari, dirisha limefunguliwa. Nilivua viatu kwa sababu vilizama, nikaenda nikasimama.

"Koko," nilisema. "Ni mie niling'oa. Nilifikiri itamuua Papa."

Nilipoyasikia yalikuwa maneno machache mno. Nikangoja kitu. Kulikuwa na mvua, na kwa mbali gari likipita. Sijui kama Baba alisikia; nilimsikia akipenga, lakini mtu hupenga kwa mafua pia.

Nikageuka kurudi. Nyayo zangu zilikuwa zimejichora kwenye udongo, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye gari hadi kaburini, kila kidole kikionekana, na mguu wa kushoto ukiangalia ndani. Safari hii hakuna aliyekuja nyuma yangu na ufagio.